Kanuni za Moto Tuziandike Sisi Wenye Nyumba



Katika nchi hii, mwananchi asikiapo neno kanuni hushika mfuko wake. Amefunzwa hivyo na miaka mingi. Wakati wa ukoloni kanuni ilikuja na kiboko. Baada ya Uhuru ilikuja na chifu, ambaye Sura ya 128 ya sheria zetu ilimpa uwezo wa kutoa amri za kila namna na kuwatoa watu majumbani kwenda kazi ya lazima, mpaka mageuzi ya 1997 yalipompunguzia makali. Na halmashauri ya mahali ilipotunga kanuni zake ndogo, hazikuwa na nguvu mpaka Waziri aliyeketi Nairobi azitie mkono. Si ajabu basi kwamba sisi tulio katika harakati za mageuzi tumezoea kupinga kanuni kuliko kuziomba.

Leo nawasihi ndugu na dada zangu wa Kangari, na wa vijiji vyote vinavyopakana na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, tufanye jambo tusilolizoea. Tudai kanuni. Tudai kanuni za kuzikinga nyumba zetu na moto utokao msituni na vichakani, tena tudai kwamba sisi wenye nyumba tuwe waandishi wake.

HATARI IKO WAPI

Kila mwaka, tangu Januari mpaka mvua ndefu zinapoanza kunyesha, milima yetu hukauka. Nyasi ndefu za nyika ya juu, kule ambako miti imekoma, hugeuka kuwa kama karatasi. Hapo mtu mmoja tu hutosha: mrina asali aliyeacha kijinga cha moto chini ya mti, mchoma makaa aliyejificha, mchungaji anayetaka nyasi changa kwa ng'ombe wake, au mkulima anayesafisha shamba kabla ya kupanda. Machi 2012 moto uliuramba Mlima Kenya kwa siku nyingi, na wanajeshi wakawa miongoni mwa waliopanda kwenda kuuzima. Mwanzoni mwa 2019 mlima ukawaka tena. Februari 2022 ikawa zamu ya Nyandarua.

Najua yuko atakayesema: "Hayo ni mambo ya Kieni na Timau, kwenye ukame. Kangari ni nchi ya ukungu na majani chai." Asemalo lina ukweli, wala sitaki kuwatisha watu kwa uongo. Chai mbichi haishiki moto upesi. Ndiyo maana moja ya kazi za mashamba ya Chai ya Nyayo, yaliyoanzishwa mwaka wa 1986, ikawa kutenga msitu na makazi ya watu. Lakini atembee huyo ndugu mwezi wa Februari kutoka sokoni kuelekea ukingo wa msitu, atazame kwa macho yake. Ataona shamba la chai lililopogolewa, matawi makavu yametandazwa chini. Ataona mikaratusi imesimama karibu na nyumba, na chini yake zulia la majani na magamba yenye mafuta. Ataona ua wa kayaba uliokauka kwa ndani. Kisha ataiona nyumba yenyewe: kuta za mbao, paa la mabati, jikoni kando yake, na kuni zimepangwa kwa ustadi mpaka chini ya dirisha la chumba wanamolala watoto.

Wataalamu walioichunguza mioto ya namna hii katika Marekani na Australia wametufundisha jambo ambalo wengi hawalijui. Nyumba nyingi haziungui kwa kufikiwa na ndimi kubwa za moto. Huunguzwa na cheche. Upepo hubeba makaa madogo, ukayatupa mbali mbele ya moto wenyewe, nayo yakaingia katika upenyo ulio kati ya ukuta na paa, au yakalala katika mfereji wa paa uliojaa majani, au yakaangukia rundo la kuni. Nyumba huanza kuungua wakati moto mkubwa ungali mbali, na mwenyewe yuko barabarani anautazama. Habari hii ni mbaya, lakini ndani yake mna habari njema: mambo mengi yanayoamua kama nyumba itasimama au itaanguka yamo katika ua wa mwenye nyumba mwenyewe, na mengi hayahitaji fedha. Yanahitaji reki, panga na siku moja ya kazi.

SHERIA ZIPO, LAKINI ZINALINDA NINI?

Hatukosi sheria za moto nchini Kenya. Tangu ukoloni tunayo Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, ambayo humkataza mtu kuchoma majani yasiyo mali yake. Tunayo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, ambayo hukataza kuwasha moto msituni bila idhini. Zote mbili ni nzuri kwa kadiri yake. Lakini zitazame zinaelekea wapi. Ya kwanza inalinda malisho na mali ya mwenye ardhi, ya pili inalinda msitu. Nyumba ya mchuma chai haimo.

Tunazo pia kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi. Kwa kanuni hizo kiwanda hutakiwa kuwa na vifaa vya kuzimia moto, watu waliofunzwa, mazoezi ya kila mwaka na ukaguzi. Basi fikiri, ndugu msomaji: majani chai yakishapelekwa kiwandani yanalindwa na sheria, lakini yule aliyeyachuma, akishavua kikapu chake na kurudi nyumbani jioni, analala mahali ambapo sheria hiyo haifiki. Nazo kanuni za ujenzi, zile za 1968 na zile mpya za kitaifa za 2024 zilizochukua nafasi yake, humfaa zaidi mwenye kujenga jengo jipya kwa ramani iliyopitishwa. Mama mjane aliyejengewa nyumba ya mbao na wanawe miaka thelathini iliyopita haoni zinamhusu vipi.

Wala maandishi peke yake hayaokoi mtu. Mwongozo wa usalama wa shule ulitolewa mwaka 2008. Usiku wa Septemba 5, 2024, katika Shule ya Hillside Endarasha huko Kieni, Nyeri, moto uliteketeza bweni, na wavulana 21 wakapoteza maisha yao. Huo haukuwa moto wa msituni, na sitaki kuugeuza msiba wa wazazi wale kuwa hoja ya siasa. Lakini makanisa yetu yalishiriki kilio hicho, na kilio hicho kimetuachia funzo: kanuni ambayo wenye kuhusika nayo hawaijui, hawaikagui na hawaidai haina uwezo wa kufungua mlango usiku wa manane.

SERIKALI ILIJUA KUCHORA MSTARI

Wako wanaodai kwamba kutenga nyumba na msitu ni kazi isiyowezekana katika milima hii. Historia inawakanusha. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliitangaza misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwa marufuku kwa raia, na kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya ikawalazimisha wananchi, wanawake kwa wanaume, kuchimba handaki la urefu wa maili 50 hivi, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate chakula kutoka vijijini. Nyumba zilichomwa kwa makusudi, watu wakafungiwa katika vijiji vya ulinzi. Serikali ilipotaka kuwadhibiti watu, ilijua vizuri kuchora mstari kati ya msitu na makazi, na haikuulizia gharama.

Na katika miaka yetu hii tumeona ustadi mkubwa zaidi. Maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati, mito ya Murang'a yetu, yamechimbiwa njia chini ya milima, urefu wa karibu kilomita 12, ili yaelekee bwawa la Ndakaini na hatimaye yafike Nairobi. Hatuwanyimi ndugu zetu wa Nairobi maji, kwa maana wengi wao ni watoto wetu. Lakini nchi iliyoweza kutoboa mlima ili mji mkuu unywe haiwezi kutuambia kwamba tangi la maji ya zimamoto katika kila soko la mlimani ni mzigo usiobebeka.

MAANDIKO NAYO YANA KANUNI ZA UJENZI

Kwa waumini wanaoona kwamba mambo haya ni ya kaunti wala si ya kanisa, nawaomba wafungue Biblia zao. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hiyo ni kanuni ya usalama wa nyumba. Na katika kitabu cha Kutoka, nayo ni sura ya 22, imeamriwa kwamba moto ukitoroka ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya jirani, aliyeuwasha lazima alipe. Hiyo ni sheria ya moto wa vichakani, imeandikwa maelfu ya miaka kabla ya Sura ya 327.

Yaangalie maagizo hayo mawili pamoja. La kwanza linamtwika mwenye nyumba wajibu kabla ya msiba, la pili linamtwika mwenye moto wajibu baada ya msiba. Yote mawili yanamtazama jirani. Mungu hakumwambia mjenzi aweke ukuta ili apate kibali cha ofisini. Alimwambia auweke kwa sababu ya uhai wa mtu mwingine. Kanuni za namna hiyo ndizo tunazozitaka.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Katika jimbo la California, Marekani, sheria inamtaka mwenye nyumba iliyo katika eneo la hatari asafishe majani makavu na vichaka hadi futi 100, yaani mita 30, kutoka ukutani. Hata hivyo, Novemba 2018 mji wa Paradise uliteketea na watu 85 wakafa, katika nchi yenye ndege za kumwaga maji. Kanuni si hirizi.

Tena kanuni ya mita 30 haiwezi kuhamishiwa Kangari kama ilivyo. Mashamba yetu yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa vipande. Ukipima mita 30 kutoka ukuta wako unaweza kujikuta katika jikoni la jirani wa pili. Mkulima wa nusu ekari akiamriwa kusafisha mita 30, ameamriwa kung'oa chai yake yote. Hapa mtu hawezi kuikinga nyumba yake peke yake hata akiwa na bidii gani, maana usalama wake umo katika shamba la mwenzake.

Kwa hiyo mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Afrika Kusini. Mwaka 1998, miaka minne tu baada ya uchaguzi wao wa kwanza wa watu wote, wenzetu walipitisha sheria ya kitaifa ya mioto ya nyika na misitu. Sheria hiyo humtaka mwenye ardhi penye hatari kutengeneza na kutunza ukanda wa kuzuia moto mpakani mwake, usioleta mmomonyoko wa udongo. Humtaka awaarifu majirani kabla ya kuuchoma ukanda huo. Na humtaka awe na vifaa na watu walio tayari. Lakini jambo lililo bora zaidi ni hili: iliwaruhusu wenye ardhi kuunda vyama vyao vya kujikinga na moto, wakajiwekea kanuni zao wenyewe, na ikawapa wanachama nafuu mahakamani moto unapoleta kesi ya fidia. Dola haikuwakimbiza watu, iliwavuta.

TUNAYOYADAI

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiweka huduma ya zimamoto na usimamizi wa maafa mikononi mwa kaunti. Hakuna tena Waziri wa kusubiriwa. Basi mapendekezo yangu kwa kanuni za vijiji vyetu vya mlimani ni haya matano:

Kwanza, ua wa kila nyumba. Katika miezi ya kiangazi, mita 10 kuzunguka nyumba, au mpaka wa kiwanja ukiwa karibu zaidi, pasiwe na majani makavu, nyasi kavu za mifugo wala rundo la kuni. Mifereji ya paa isafishwe. Upenyo ulio kati ya ukuta na mabati uzibwe kwa waya wa matundu madogo. Lango liwe na upana wa kupitisha gari.

Pili, kuchoma shamba. Mwenye kutaka kuchoma takataka za shamba awaarifu majirani siku moja kabla. Asichome wakati wa jua kali na upepo. Asiondoke mpaka jivu limepoa mkononi.

Tatu, ukanda wa pamoja. Pale ambapo chai haikufika kwenye ukingo wa msitu, kijiji kizima kiwe na ukanda mmoja, uliopandwa chai, viazi au mboga za kijani, utunzwe kwa zamu pamoja na chama cha jamii cha msitu. Shirika la Huduma za Misitu nalo lifyeke upande wake. Mwenye kipande ambacho ukanda unapita alipwe fidia au asaidiwe miche, asiachiwe hasara peke yake.

Nne, wajibu wa kaunti. Kanuni itaje gari la zimamoto litakaa wapi, litajazwa maji wapi, na litafika kijijini katika dakika ngapi. Itaje nambari moja ya simu. Itaje vifaa vitakavyowekwa katika kila kata na vijana watakaofunzwa kuvitumia. Kanuni inayohesabu mita za mwananchi bila kuhesabu dakika za serikali ni dhuluma iliyovaa koti la usalama.

Tano, adhabu. Kosa la kwanza liwe onyo na msaada. Mjane na mgonjwa wafanyiwe kazi na majirani kabla ya kutajwa faini. Ukaguzi ufanywe na kamati iliyochaguliwa na wakazi, mchana, kwa fomu iliyoandikwa Kikuyu na Kiswahili, wala asiende askari peke yake. Faini yoyote iwe na stakabadhi, na hesabu yake isomwe hadharani.

Nalijua shaka mlilo nalo kuhusu hilo la tano, maana mimi ninalo pia. Tumeona kanuni nyingi zikigeuka duka la kitu kidogo. Lakini tukumbuke kwamba rushwa hustawi pale ambapo mwananchi haijui kanuni, na mwenye cheo ndiye peke yake mwenye nakala. Kanuni iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa, ambayo kila mama anaweza kuisoma na kusema "hapa pameandikwa onyo kwanza", ni silaha ya mnyonge.

Nalijua pia suala la mikaratusi. Mti huu ni ada ya shule. Viwanda vya chai vinanunua kuni zake, na wajenzi wananunua nguzo. Sisemi ikatwe yote. Nasema isisimame juu ya paa, matawi yake ya chini yapogolewe, na zulia la majani lililo karibu na nyumba liondolewe. Mwenye mti ana haki ya faida, na jirani yake ana haki ya kulala.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge sheria, liirekebishe au liifute. Na sheria ya fedha za umma inaitaka kila kaunti iwasilishe waraka wa mwelekeo wa bajeti yake ifikapo Februari 28, na makadirio yenyewe ifikapo Aprili 30. Angalieni jinsi tarehe hizo zilivyoangukia. Wakati ule ule ambapo mlima umekauka na kila mtu anatazama juu kuona kama kuna moshi, ndipo hesabu za magari na pampu zinapoandikwa. Tukija na ombi letu Julai, ukungu umeshuka, hofu imekwisha, na fedha zimekwisha kugawanywa.

Kwa hiyo naziomba parokia, makanisa na vikundi vyote vya Kangari: baada ya ibada ya Jumapili moja mwezi wa Januari, watu wakae nusu saa zaidi. Wayasome mapendekezo haya, wayakosoe, wayaongeze, wayapunguze. Katibu ayaandike. Sahihi zikusanywe, ombi lipelekwe Murang'a, na mwakilishi wa wadi aulizwe mbele ya watu ataliunga mkono au la. Na Jumamosi inayofuata, kabla kaunti haijajibu neno, vijana waanze na ua wa yule ajuza anayeishi peke yake karibu na msitu. Kanuni iliyokwisha kutekelezwa na watu ni vigumu kukataliwa na wakubwa.

Tulipodai Kifungu cha 2A kiondolewe, nacho kikaondolewa Desemba 1991, hatukudai tuishi bila sheria. Tulidai sheria iwe yetu. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ikiwa vijinga viwili vikikutana vinaweza kuwasha, basi majirani wawili wakikutana wanaweza kuzima. Tukutane kabla ya kiangazi.